Mbuzi Hutolewa na Kamba Yake

Nyakabiga, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Papa yangu, mzee wa karakana,

Pokea salamu za binti yako kabla hujapokea kitu kingine chochote. Goti lako la kushoto linasemaje msimu huu wa mvua? Na Mama, kifua chake kimetulia, au bado anakificha kwa kuimba? Huku mimi ni mzima. Ninakula mara mbili kwa siku, nalala kwenye chumba chenye mlango na komeo, na risasi tunazisikia upande wa vilimani kama unavyosikia jirani akipasua kuni: unasema hazikuhusu, mpaka siku ile zitakapokuhusu. Mume bado, na usiulize.

Mama Feza, huyu muuza vitenge aliyekuletea barua, amebeba bahasha mbili. Moja atakupa wewe. Ya pili nimemwambia asikupe hata ukimtolea macho. Usikasirike kwanza. Keti, vaa miwani, soma mpaka mwisho, ndipo utajua kwa nini moja ni yako na nyingine si yako.

Nianze na kinachoniuma, maana nikikiacha mwisho kitaharibu salamu. Mwaka jana shule zilipofunguliwa nilituma ada ya mdogo wangu Nyota. Mwaka mzima, pamoja na sare na madaftari. Ukaniandikia kwa mwandiko wako mzuri wa mtu wa reli: "Pesa imefika salama. Tumeona shida kubwa zaidi ni mahari ya kaka yako Sadiki, tumesogeza." Tumesogeza! Hukunidanganya, na kwa hilo ninakuheshimu. Lakini Nyota alikuwa wa pili katika darasa la watoto arobaini na saba, Papa, na leo anauza mandazi mbele ya stesheni. Nilikaa miezi kumi na moja bila kukuandikia. Mlifikiri ni vita. Haikuwa vita, nilikuwa nimekasirika.

Kilichonifungua mdomo ni pampu ya maji.

Kazi yangu unaijua, ila nikukumbushe nilivyoipata, maana nasikia Sadiki anasimulia kana kwamba kuna mtu alinishika mkono. Hakuna. Nilikuwa nauza ugali na ndagala, dagaa wa ziwa, kwa vibarua wanaopakua malori mbele ya depo ya shirika. Siku moja nikamsikia karani akitaja na kusaini magunia mia nne na ishirini. Mimi nilikuwa nimeyahesabu yakishuka, mkono mmoja kwenye mwiko. Nikamwambia, "We karani, iko mia nne na kumi na mbili."

Akacheka. "Mama ndagala anatufundisha kazi?"

Wakahesabu upya juani, saa mbili nzima. Mia nne na kumi na mbili. Wiki iliyofuata nikapewa kalamu, na leo depo yote iko chini ya funguo zangu. Na kwa sababu nasikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa cha kutosha kugombana, wakubwa hunichukua pia kutafsiri.

Sasa nikueleze shirika lenyewe, kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Ni la mataifa mengi kwa pamoja. Mimi nilidhani mataifa hayo hulipa kama sisi tulivyokuwa tunalipa kodi ya kichwa, upende usipende. Apana. Sehemu kubwa ni hiari. Kila mwaka wakubwa wetu wa huko juu wanazunguka na kofia mkononi: nchi hii inatoa, nchi ile inasema mwaka huu mambo magumu. Na si nchi tu. Watu binafsi wanatoa, kampuni zinatoa, wazee wastaafu wa mji fulani wa baridi wanauza keki siku ya soko lao na kutuma. Ni kama kapu la sadaka, ila kuna tofauti moja: kanisani ukishaweka sarafu kapuni huiamuru tena. Hapa kila anayetoa hufunga kamba. Kwenye depo yangu kila rundo lina kadi, jina la aliyetoa, idadi, na mstari wa mwisho umeandikwa "matumizi". Mstari huo ndio kamba. Nikivuka kamba, nimefukuzwa.

Nikupe mfano. Wale wazee wa keki walitoa mablanketi elfu moja na mia mbili, mazito, mazuri. Matumizi: watoto chini ya miaka mitano. Sasa pale juu ya Musaga, kwenye uwanja wa shule, wamekaa watu waliokimbia vilima vyao, kaya mia moja themanini na sita. Siku ya kugawa alinijia mzee mmoja anatetemeka mpaka meno yanagonga. Nilimwambia, mzee, haya ni ya watoto wadogo tu. Akaniangalia, bila hasira, akasema, "Basi nirudi tumboni." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Jioni nilishindwa kula.

Kwenye uwanja huo kulikuwa na pampu moja ya mkono. Mwanzoni mwa mvua ikafa. Ukivuta mpini unapanda na kushuka kama mkono wa mtu anayeaga, maji hakuna. Maji mengine yako bondeni, na bondeni, Papa, kuna askari upande huu na wenye bunduki wengine upande ule. Wasichana ndio waliokuwa wanateremka. Siku moja mjukuu wa Mama Kabura, yule bibi mkubwa wa uwanja, alirudi na bidoni lake la maji lina matundu mawili ya risasi, moja la kuingia na moja la kutokea. Yeye mwenyewe hakuguswa. Alikuwa analia kwa sababu maji yalimwagika njiani.

Ndipo wanawake wakaja ofisini. Walikuwa watano, mbele yao Mama Kabura, na pembeni yake Mama Esperanse, ambaye zamani aliuza nyanya soko kuu na mdomo wake haujafunga duka tangu siku hiyo. Mkuu wetu, sisi tunamwita Shefu, ni mgeni mrefu mwenye kikohozi cha aibu. Mtu mbaya siye. Aliwaeleza kwamba fungu la maji mwaka huu limekauka. Nchi iliyokuwa inatoa kwa ajili ya maji imeelekeza mkono kwenye vita vingine, kwingine, ambako wapiga picha wamehamia. Vipuri vya pampu vinatoka ng'ambo, na kwa vikwazo hivi tulivyowekewa na nchi jirani havivuki. Labda baada ya mvua.

Nikatafsiri. Mama Esperanse akainua kidole.

"Lakini depo yenu imejaa mablanketi. Uzeni mablanketi, mununue pampu."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Aliyetoa amesema ni blanketi."

"Na mafuta?"

"Aliyetoa amesema ni mafuta."

"Kwa hiyo hapa Shefu si shefu. Shefu ni mutu anayetoa."

Hapo, Papa, ndipo nilipokosea. Shefu alikuwa anakohoa, hakuwa ananiuliza kitu, na mimi nikajibu kwa kichwa changu, kwa uchungu wangu, nikiwaza ada ya Nyota iliyosogezwa: "Njo vile. Hata akitoa franga mia moja. Akisema ni ya pampu, hakuna wa kuigusa. Ni ya pampu."

Wanawake wakatazamana. Mama Kabura akaniuliza kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayepima kitambaa: "Yeyote anayetoa?"

Nikasema, yeyote.

Wakaondoka bila kulalamika. Ningepaswa kushtuka. Mama Esperanse kuondoka bila neno la mwisho si jambo la kawaida.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mlinzi anakuja mbio: "Mama Mwavita, kuna arusi getini!" Natoka. Ni wanawake kama arobaini, wamejifunga nguo zao za kanisani, zile walizokimbia nazo. Mama Kabura mbele na fimbo. Nyuma yake mmoja amebeba kikapu kichwani kimefunikwa jani la mgomba, na mwingine amebeba mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, na mirija yake. Hapa kwao zawadi haipokelewi mkononi kama chenji. Inaletwa na kinywaji, na kinywaji kina hotuba. Kilichokuja bila kinywaji ni kama kitu kilichookotwa.

Shefu akatoka amevaa uso wa mtu aliyesahau sikukuu. Mama Kabura akakohoa kikohozi cha wazungumzaji, akaanza. Alisalimia nyumba. Alisalimia wazazi wa Shefu popote walipo. Alisema wao wamelishwa na watu wasiowajua sura, wakavishwa na watu wasiowajua majina, na kwamba mtu akila kwa mwenzake kila siku bila kurudisha kikapu, mwisho anasahau njia ya kwake. "Tumejifunza kwamba katika nyumba hii anayetoa ndiye anayesema. Basi na sisi tumetoa, tunasema: pampu."

Akafunua kikapu. Noti na sarafu, zimefungwa mafungu kwa nyuzi za migomba. Nilihesabu mbele yao wote, mara mbili. Franga elfu arobaini na moja na mia tatu.

Nilitafsiri kila neno, na Shefu akanigeukia: "Nani amewaambia hivi?" Nikamwambia ni mimi. Sikuzungusha. Hesabu ikishaharibika, ni bora useme mapema kabla haijavuka ukurasa.

Hakunifokea. Akaketi kwenye ngazi akaomba fomu ya zawadi za watu binafsi, kwa sababu kumbe fomu hiyo iko, ila hapa nchini haikuwahi kutumika. Jina la mfadhili: kina mama wa uwanja. Anuani: juu ya Musaga, ukipita bariyeri ya pili ya askari. Halafu mstari wa tatu: fedha zimetoka wapi?

Nikauliza. Mama Esperanse hakumeza hata mate. "Wengine walifua nguo za watu huko Mutanga Nord. Wengine walibeba matofali. Na kila nyumba ilitoa kikombe kimoja cha mafuta yenu, tukauza."

Nilisimama nalo hilo mdomoni, Papa. Kuuza mgao ni marufuku. Imeandikwa ubaoni kwa lugha tatu, na mwandiko ni wangu. Nikilisema, pampu inakufa hapo hapo, na labda mgao wa mafuta pia. Nikilificha, nimemsainia mtu magunia mia nne na ishirini. Nikalisema lilivyo.

Shefu akaweka kalamu chini. "Siwezi kuandika hivyo. Mafuta yalitolewa yaliwe."

Mama Kabura alipotafsiriwa hakupandisha sauti. Akachora mstari mdogo mavumbini kwa fimbo. "Muulize mwanangu huyu: mafuta mlitupa, au mlituazima? Kwetu mtu akitoa mbuzi hutoa na kamba yake. Akibaki ameshika kamba, bado mbuzi ni wake, na yule mwingine ni mchungaji tu."

Deo, dereva wetu, alizima injini ili asikie.

Shefu akaokota kalamu. Akaandika: michango ya kaya. Ilikuwa kweli, kila herufi. Kisha akaomba mrija, akanywa urwarwa mafundo matatu saa nne ya asubuhi, akakohoa mpaka machozi, na wanawake wakampigia vigelegele.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Shirika halili haraka. Karatasi ikatumwa kwa faksi makao makuu, jibu likachukua siku kumi na tisa, na wasichana bado wanateremka bondeni kila siku. Jibu lilikuwa la adabu sana. Zawadi imekubaliwa, shukrani nyingi. Lakini kwa kanuni, fedha zote za wafadhili hupelekwa kwanza makao makuu, zibadilishwe, ziandikwe, likatwe fungu la saba kwa mia kwa ajili ya kuzihudumia, halafu zirudi kama mradi. Muda: miezi sita mpaka tisa.

Nilipiga hesabu hapo hapo, hasira ikinisaidia. Franga elfu mbili na mia nane tisini na moja zingebaki ng'ambo. Vikombe vingapi vya mafuta hivyo? Nilipanda na Deo mpaka uwanjani kuwaambia, nikiwa tayari kutukanwa.

Mama Esperanse alisikiliza mpaka mwisho. "Pesa yetu itapanda ndege?"

"Ndiyo."

"Mi sijawahi hata kupanda kiti cha mbele cha gari, na mafuta yangu yatapanda ndege!" Akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaacha kucheka ghafla, akatazama njia ya bondeni. "Miezi tisa, we Mwavita. Miezi tisa ni mutoto mzima."

Usiku ule sikulala, na si kwa huruma, nikuambie kweli, ni kwa ukaidi. Asubuhi nikafungua kitabu cha kanuni cha depo, kile ambacho hakuna anayekisoma ila mimi, kwa sababu mimi sikusomeshwa, kwa hiyo nasoma kila kilichoandikwa. Na ndani nikakuta: zawadi ya pesa hupita makao makuu. Zawadi ya kitu hupokelewa na mtunza depo, pale kitu kilipo, kwa kadi. Hakuna asilimia. Hakuna ndege. Mtunza depo ni mimi.

Nikaenda kwa Shefu. "Warudishiwe pesa yao leo. Wanunue kipuri. Wakilete. Mimi nitakipokea, na fundi wetu wa maji, ambaye analipwa mshahara akae, atakifunga."

Akafikiri. "Lakini vipuri havipatikani. Vikwazo."

Hapo sasa, Papa, ndipo ulipoingia wewe.

Niliomba fundi aitoe pampu chini nione. Kilichokufa ni fimbo ya chuma iliyokatika, na vile vikombe vya ngozi vya ndani vinavyosukuma maji, vilivyooza. Nikavishika mkononi nikajikuta niko karakana ya reli, umri wangu miaka kumi, kwenye lile shimo chini ya injini ambamo mchana ni kama usiku. Ulikuwa unamfundisha Sadiki. Mimi ulinipa taa. "Shika juu, mtoto, usitikise." Sadiki alikuwa anapiga miayo. Mimi nilikuwa natazama mikono yako: ngozi ya mkanda mkuukuu wa mashine, unaikata duara, unailoweka mafuta siku mbili, unaibana kwenye kikombe cha mti ikauke na umbo. Ulimwambia Sadiki mara tatu, "Upande laini uangalie nje." Mara tatu, Papa. Yeye hakusikia hata moja, na mimi nikazisikia zote tatu.

Tukaenda Buyenzi mimi na Deo na Mama Esperanse. Kuna fundi viatu pale, mzee mmoja mwenye dharau nzuri ya mafundi. Nilipomchorea ninachotaka akasema, "Mama, mi nashona viatu, sivishi bomba." Nikamwonyesha. Kikombe cha kwanza alikikata upande laini ndani. Nikakitupa. Akanitazama: "Nani alikufundisha?" Nikasema, babangu, bila yeye kujua. Vikombe vinne, siku tatu. Fimbo ikaungwa gereji ya jirani. Mama Esperanse alipunguza bei kila mahali mpaka nikawaonea huruma. Gharama yote: franga elfu ishirini na tisa na mia tano.

Kadi niliiandika mwenyewe, kwa wino: Fimbo ya pampu, moja. Vikombe vya ngozi, vinne. Aliyetoa: kina mama wa uwanja. Matumizi: pampu ya uwanja, si nyingine. Nikaitundika kati ya kadi ya wazee wa keki na kadi ya serikali moja kubwa yenye muhuri wa dhahabu. Haikuonekana ndogo.

Ilipofungwa, mzee wa "nirudi tumboni" ndiye aliyepewa kuvuta kwanza. Akavuta mara kumi, maji hakuna. Watoto wakaanza kumhesabia. Kumi na saba, kumi na nane. Kwenye ishirini na tatu pampu ikakohoa kama Shefu, ikatapika kutu, halafu maji. Wasichana hawakushangilia kama nilivyotazamia. Waliketi chini. Walikuwa wamechoka na lile bonde.

Lakini bado kulikuwa na franga elfu kumi na moja na mia nane. Nilidhani watagawana. Siku mbili baadaye Mama Kabura akaja ofisini na mjukuu wake, na mtungi mdogo safari hii. Akaweka pesa mezani kwa Shefu. "Hii ni ya nyumba yenu."

Shefu akanitazama. "Muulize, ni kwa matumizi gani?"

Nikauliza. Bibi akashangaa swali lenyewe. "Mwambie nimeshaachia kamba. Huko duniani kuna uwanja mwingine wenye watu tusiowajua sura. Yeye ndiye anayejua wako wapi."

Nikamkumbusha kwamba hiyo sasa ni pesa, itapita makao makuu, na franga mia nane ishirini na sita zitabaki huko. Mlangoni nikasikia sauti ya Mama Esperanse, aliyesema amekuja kusindikiza tu: "Acha ipande ndege! Na wabeba mizigo wa huko angani nao wapate kula."

Shefu aliivuta ile fomu karibu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amefanya kazi hii nchi tano, na zawadi zisizo na kamba anazikumbuka, kwa sababu ni chache mno. Akaandika jina, akaandika kiasi. Mstari wa matumizi akauacha mtupu, akaniomba nisaini kama shahidi. Nimesaini karatasi nyingi hapa, Papa, lakini sikuwahi kusaini mahali patupu kwa furaha.

Nikarudi depo nikaketi juu ya magunia, nikajipigia hesabu yangu mwenyewe. Miezi kumi na moja nimekuwa nikiwalaani wafadhili wanaofunga kamba, na miezi hiyo hiyo nimekuwa nimekukalia wewe kimya kwa sababu ulinivukia kamba yangu. Hizo hesabu mbili hazikai kwenye ukurasa mmoja. Nimezigeuza kila upande, na jibu langu ni hili. Si zuri sana ila linasimama.

Bahasha ambayo Mama Feza hakupi ina ada ya Nyota. Ataipeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule na atanirudishia risiti. Hiyo nimeifunga kamba, mafundo mawili, na siombi radhi. Pampu isingefanya kazi kama kina mama wasingesema "si nyingine". Kuna mambo yenye wasichana bondeni, hayasogezwi.

Bahasha uliyonayo mkononi ni yako. Haina mstari wa mwisho. Ukinunua dawa ya goti, vizuri. Ukinunua tumbaku, sawa. Ukimpa Sadiki, nitanuna kidogo, lakini sitauliza. Nimeachia.

Nisalimie Mama, mwambie nimepata mtu wa kunitafutia ile dawa ya kifua. Nisalimie shangazi mkubwa, aliyenikopesha karai la kwanza la ndagala na hakuwahi kulidai. Nisalimie mjomba wa kwaya, mzee wa kanisa wa mtaa, na jirani yetu mshona nguo. Na kaka Sadiki na mke wake: mwambie mke nasikia ana mimba, nimefurahi kweli, mtoto hana kosa la mahari.

Neno moja la kukuomba, na hili si amri ya mfadhili. Nyota akitoka shule jioni, mpeleke karakana. Tafuta mkanda mkuukuu, uloweke mafuta, umfundishe kukata vikombe vya ngozi, upande laini nje. Taa muachie Sadiki aishike. Nyota mpe kisu.

Ni mimi binti yako,
Mwavita, aliyekushikia taa bila kutikisa